Vyumba Vitano

Lori la kiwanda limenasa topeni, kona ya chini,
nasi tumo kibandani na majani yetu ya chai,
wachumaji kumi na mmoja na karani mmoja,
mvua ya Tukuyu inapiga bati
kama mtu anayedai deni na hana haraka.

Karani ni mimi. Kazi yangu kilo na nukta.
Kitumbua nimekimaliza, nimebaki na gazeti lake,
gazeti la Kizungu, ukurasa wa watoto.
Mafuta yamelipenya, tanzia za upande wa pili
zinasomeka kinyumenyume,
marehemu wanatembea kurudi.

Pale pasipofikiwa na mafuta, fumbo:
vyumba vitano mstarini.
A kishapanga chumba cha tatu.
G naye yumo, ila chumba chake hakikutajwa.
Kidokezo kimelowa, hakisomeki.
Zawadi: daftari sita.
Mwisho wa kutuma: Machi, mwaka juzi.

“Tulitafute,” akasema Subilaga. “Daftari ni daftari.”

Somo hili nilipata F, lakini nani aliuliza?
Kamusi iko nyumbani, na panya waliianzia M.
Basi tukatafuta Kiingereza tulicho nacho,
na Kiingereza chetu tumekivaa.
Tukageuzana migongo, tukafunguana makoti.
Baridi hii imetuvisha maneno ya watu
tusiojua kama walikufa
au walinenepa tu.

Mama Ambilikile, kifuani, herufi za njano: BEACH.
Tano! Na A katikati!
Akapiga kigelegele, akaulizwa maana.
“Nitajuaje? Nilinunua sweta, sikununua maana.”
G hayumo. Akafunga vifungo
kama aliyeshindwa kura kwa kura moja.

Mfuko wa mbolea: UREA. Vyumba vinne, haufai.
Mizani yenyewe, usoni, juu ya mshale: SCALE.
Miaka tisa nasoma namba zake,
sijawahi kusoma jina lake.
A yumo. G hayumo.

Ndipo Lugano akavua kofia aikamue maji,
na pale mbele, kwa uzi wa dhahabu uliochoka: GRAND,
neno la pili limenyofoka.
Nikahesabu kwa kidole. Nikahesabu tena.
Kibanda kikalipuka, mtu akapiga ndoo,
na nilipowaambia maana yake, kubwa, la fahari,
wakakitazama kichwa cha Lugano
wakacheka mpaka wakashikana.

Nikaliandika kwa kalamu ya risiti. Likakaa.

Lakini mkono una ukaidi wake.
Niliitazama ile R,
herufi ambayo mama hakuipa nafasi mdomoni,
aliyeita redio ledio,
na mimi, Roida, Loida,
hata siku ile wodini Igogwe
nilipomnywesha uji kijiko kimoja kimoja
akasema neno moja, akageukia ukuta.

Nikaitoa R. Nikaleta A wa pili.
Nikawaamuru wapangaji wahame:
N mbele, D amfuate,
A abaki pale pale alipo,
G, halafu yule mgeni.

NDAGA.

Vyumba vitano. A katikati. G ndani.
Masharti yote yametimia
isipokuwa lile moja
ambalo gazeti halikuona haja ya kuliandika.

Subilaga alisoma juu ya bega langu.
Hakusema kitu. Alikunja pembe ya karatasi
ile sehemu yenye tanzia.

Huko chini injini ikakohoa, ikashika.
Majani yalishaanza kupata joto matengani,
nikasimama mizanini.
Subilaga, kilo kumi na nne na nusu.
Akapokea risiti, akasema neno lile lile,
kama jana, kama juzi, kama miaka tisa,
na mimi leo ndiyo kwanza
nikazihesabu herufi zake.