Karani wa Barafu

Miaka miwili bahasha ya kaki ilikaa kwapani
hadi ikashika umbo la ubavu wangu.
Ndani: cheti cha uhasibu, nakala tisa,
barua ya mtendaji, muhuri wake umevuja kwa jasho,
na picha nne za pasipoti za mtu ambaye si mimi tena,
maana mwaka ule nilikuwa na mashavu.

Nimekalia mabenchi ya viwandani Nyakato,
nimekalia viti vya plastiki vya Capri Point.
Kote swali ni lile lile: uzoefu?
Kama mtu anayemuuliza kifaranga
ametaga mangapi.

Kisha Jumanne moja, Mwaloni, Kirumba,
nimetumwa dagaa wa elfu mbili,
naona karatasi imebandikwa kwa ugali:
ANATAKIWA KARANI. AJUE KUJUMLISHA.

Bwana Lusato hakuifungua bahasha.
Aliitazama mikono yangu, akauliza,
"Unaogopa baridi?"
Nikacheka kabla sijajizuia.
Nani Mwanza hii amewahi kuulizwa hivyo?

Kazi yenyewe ni hii:
saa kumi na moja alfajiri mlango wa chuma unafunguka,
ukungu unatoka kwa kusukumana kama ng'ombe waliolala zizini na kiu,
vijana wanaburuta mapande kwa ndoano,
nami nimesimama na daftari na glavu moja
(ya pili ilipotea kabla yangu),
naandika: Ukara, hamsini.
Kome, thelathini na mbili.
Maisome wamekopa tena.

Siku ya kwanza hesabu ilikataa.
Mlangoni nimepima, botini nimepima,
kilo arobaini hazipo, na mwizi hayupo.
Nikajumlisha mara tatu, chuo kizima kikinitoka puani.
Palikuwa na mchirizi tu, toka kizingitini hadi ziwani,
unang'aa, hauna haraka.
Nikamwendea Bwana Lusato, machozi nimeshayaandaa.
"Binti, hapa tunauza maji yanayotaka kurudi kwao.
Andika yaliyotoka."
Nikaandika. Kisha nikachora safu nyingine pembeni,
nikaiita Yaliyorudi Ziwani.
Hakuniuliza. Mpaka leo ipo.

Mshahara ni mwisho wa mwezi; siku ile ilikuwa tarehe nne.
Lakini utaingiaje nyumbani mikono mitupu
siku uliyoanza kazi?
Vijana wakanipa pande lililovunjika,
nikalizika kwenye pumba za mpunga, ndani ya gunia,
nikalipandisha Mabatini, jiwe kwa jiwe,
likinidondokea mgongoni,
likinipitia kiunoni, likishuka hadi visiginoni.
"Nkwimba, umebeba nini kinachokulilia hivyo?"
"Kazi," nikasema, na sikusimama.

Nilipofika lilikuwa kama ngumi ya mtoto.
Mama akalisuuza pumba, akalitumbukiza ndooni.
Hakusema hongera.
Alitafuta vikombe, vyote,
hata kile cha maua ambacho humngoja mgeni.
Sayi alipiga funda la kwanza, meno yakamuuma,
akapiga yowe, akashika shavu,
akaomba tena.

Asubuhi niliitafuta bahasha kwa mazoea.
Vyeti vilikuwa chini ya godoro.
Yenyewe, tupu, mama ameikunja mara nne
na kuisukuma chini ya mguu wa meza,
ule mfupi.