Kidato cha Boneti

Lilipofika Jinja lilikuwa na kidato:
mdomo wa boneti umeachama kidogo
kama mtu aliyesikia umbea akasahau kufunga kinywa.
Alfa Romeo, milango miwili, injini ya elfu na mia sita,
wekundu wa kahawa iliyoiva mtini.
Bwana Vaghela aliliteremsha kutoka kwenye behewa,
akalizunguka mara tatu, viatu mkononi,
soksi zikiloa matope.

Huko Milano hawakulala.
Wakakiziba kidato, uso ukawa laini.
Wakaongeza macho, mawili yakawa manne.
Elfu na mia sita ikapanda, ikapanda, ikafika elfu mbili.
Baba alizisoma habari hizo kwenye gazeti chakavu
lililofungiwa pedi za breki.
Akasema, "Ndugu zake wanakua."

La kwetu lilikua kivyake.

Mwaka wa sabini na mbili Bwana Vaghela
aliacha funguo juu ya benchi la Baba, kando ya bisibisi.
Sanduku moja mkononi. Hakuaga.
Alisema tu, "Oili, kila maili elfu mbili."
Usiku ule Baba aling'oa magurudumu,
akalilaza juu ya matofali, akalifunika magunia ya pamba.
Askari walipokuja walimkuta kuku
ameatamia kwenye kiti cha dereva.
"Hii nini? Takataka ya Muhindi!"
Wakacheka, wakachukua baiskeli.

Miaka ilipotulia tukaliamsha:
kabureta ya Datsun, maana zile Weber mbili zililiwa na kutu;
radieta ya Peugeot iliyopinduka Mabira;
bampa ya pipa, imefuliwa kwa nyundo hapa hapa Walukuba,
ukiinama chini yake utasoma bado neno MAFUTA;
kioo cha nyuma cha Corona, kimekatwa, kimesuguliwa siku nne,
kikakubali shingo upande.
Likavuka Owen Falls likikohoa,
likafika Njeru likiimba.

Mwaka jana alikuja Hetal, mjukuu, kutoka Leicester,
na picha: babu, soksi, matope.
Akashika bampa. Akagonga kioo kwa ukucha.
"Kilichobaki cha asili ni kipi?"

Nikawakumbuka wale waliomwambia Baba
akizibe kidato, vumbi linaingia,
mtindo umepita, hata wenyewe huko kwao wamekiziba.
Baba hakubishana.
Kila Jumamosi alipitisha humo kitambaa chenye mafuta ya taa,
polepole, kama anayesafisha sikio la mtoto.

Nikauchukua mkono wa Hetal,
nikaongoza kidole chake mpaka kwenye ufa.
Kikazama. Kikatoka na vumbi jekundu.
Hakukifuta.

"Liwashe," akasema.
Halikuwaka.
Tukalisukuma, yeye kushoto, mimi kulia,
watoto wa jirani nyuma wakipiga kelele,
na kwenye mteremko wa shule ya msingi
likashika.