Mazuku ya Ndani

Karakana yetu ya uchapaji ilikuwa chumba cha mbele.
Lava ilipopita, ikawa shimo.
Madirisha yaliyotazama nyuso sasa yanatazama miguu:
kandambili, kwato za mbuzi,
gurudumu la chukudu lililotuletea karatasi kutoka Birere.
Unaingia kwa ngazi tisa, kwa kushuka.
Nimezihesabu miaka kumi na mmoja, mimi Kavugho mtunza stoo,
mwenye funguo, daftari, na kikohozi kisicho na msimu.

Huku chini tulichapa kila kitu cha watu:
kadi za harusi za Himbi, risiti za maduka,
maswali ya mtihani yakiwa bado moto,
picha ya marehemu na tarehe zake mbili.
Mji mzima umepita kwenye rola zetu ukitafuta jina,
na chupa zetu wenyewe hazikuwa na jina.
Tineri ilikaa kwenye chupa ya maji ya kunywa.
Dawa ya mabamba ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga,
mtoto mnene akicheka juu yake.
"Pua ndiyo lebo," alisema fundi Paluku,
ambaye pua yake ilikufa zamani,
asiyejua tena kama maharage yameungua.

Alhamisi ile tulifunga madirisha yote.
Wino mbichi hupenda vumbi kuliko karatasi,
na vumbi letu ni jeusi, unalijua.
Muhindo wa mwaka wa tano aliosha rola kwa kitambaa,
mikono mitupu, akipiga mluzi.
Karatasi ikaanguka chini ya mashini. Akainama.
Mluzi ukakatika.

Nilidhani anatafuta.
Nikamaliza mstari wangu kwenye daftari,
rimu mbili, wino mweusi kopo moja,
ndipo nikaona soli za viatu vyake zimelala ubavu.

Sisi wa Goma tunayajua mazuku.
Si somo la darasani; mwalimu wake ni mbuzi:
asubuhi amelala bondeni, hana jeraha,
majani bado mdomoni.
Mama husema, usimkokote mdogo wako penye shimo alfajiri,
mbebe, awe juu.
Pumzi ile ni nzito, hutuama kama maji,
haina rangi, haibishi hodi.
Haya niliyajua kabla sijaota meno ya pili,
na bado sikuwaza
kwamba mazuku huweza kununuliwa kwa lita,
kwa risiti,
sahihi ikiwa yangu.

Nilibana pumzi, nikamshika kwapani.
Ngazi tisa.
Paluku alishika miguu, akilia kama mtoto.
Uani, juu ya mawe, Muhindo alitapika, akafumbua macho,
akauliza kama karatasi imechafuka.

Prefe alikuja na tai yake. Alisema tuandike kanuni ukutani.
Nikaokota jiwe la lava, nikavunja kioo cha kwanza,
kisha cha pili.
"Nani atalipa?"
Nikamwonyesha daftari. Mshahara wangu umo, ukurasa wa mwisho.

Jumatatu kijana alirudi, amevaa glavu za kuoshea vyombo,
za rangi ya waridi, za mama yake.
Hakutaka kusema mengi. Akapanga herufi mwenyewe:
TINERI. SI MAJI.
FUNGUA DIRISHA. USIINAME PEKE YAKO.
Herufi N imekaa upande kidogo; niliikataza isinyooshwe.
Ilikuwa kazi ya kwanza tuliyoichapa bila mteja.
Tulibandika chupa baada ya chupa,
na yule mtoto wa kopo tukamfunika uso.

Mchana mbuzi aliingiza kichwa dirishani pasipo kioo,
akanusa, akapiga chafya, akaondoka zake.
"Huyo," alisema Paluku,
"ndiye mkaguzi wa kwanza kufika hapa."