Tairi la Kulia

Msimu ule korosho ilipolipa
Newala ilinunua mabati, redio, na wazimu.
Korola tatu na Staleti mbili zikavuliwa viti,
zikang'olewa vioo, zikaandikwa namba kwa chokaa,
nami, Somoe binti Nambeya, mziba pancha wa stendi,
nikaitwa fundi, mbele za watu, bila kicheko.

Jumamosi ilikuwa ya duara.
Uga wa nyuma ya ghala la chama cha msingi,
kamba ya katani, magunia ya pumba kwenye kona,
mizunguko arobaini, yote kwa mkono wa kushoto.
Mwalimu Chinguile alihesabu kwa korosho ghafi,
akitoa moja bakuli hili, akitia bakuli lile,
na mjukuu wake akizirudisha mbili tatu kwa mchezo;
hadi leo hakuna anayejua walizunguka mara ngapi.

Duarani hakuna pa kujificha.
Mfaume Liunda alimpita mkewe mara arobaini,
akampita Dadi Mkanjima, anayemdai laki mbili,
mara arobaini,
na kila mara Dadi aliinua vidole viwili.
Wageni wakadhani anamshangilia.

Usiku ule nilikuwa nimempa siri ya gurudumu:
upepo mwingi kulia, haba kushoto,
gari lenyewe litataka kukunja kabla yako.
Likataka. Akashinda.
Tairi la kulia la mbele likabaki kipara,
la kushoto bado lina vinyweleo vya dukani.

Shaweji, wa pili, alikuja kunawa uso kwenye pipa langu.
Akasema, maji yakimchuruzika kidevuni:

*Mzunguko si safari, hujatoka mlangoni,
Wewe kuku wa tajiri, kamba ipo mguuni.*

Mfaume hakuinua kichwa kutoka kwenye sahani ya ming'oko:

*Kona moja kumi mara si moja, nenda kaone,
Mchanga bila ishara huhama usiuone.*

Mimi nilikuwa na nati mdomoni, sikuchangia.

Jumapili, barabara.
Kutoka sokoni hadi ukingo wa uwanda,
kisha chini, chini, mteremko wa kwenda Masasi.
Huko hakuna aonaye mbio.
Kila mtu hupewa kipande chake:
huyu vumbi, yule honi,
mama wa mihogo harufu ya breki,
na mtoto juu ya mkorosho
rangi nyekundu iliyopita, basi.
Usiku ndipo tunapoviunga vipande
na kila mtu anadai chake ndicho kilikuwa mbio.

Asubuhi nilimwambia Mfaume, leta nikupunguzie upepo,
huko kuna kona za pande zote mbili.
Akaniambia, "Liache. Limeshanizoea."
Nikaliacha.
Naliandika hili kwa sababu sijawahi kulisema:
nilikuwa na pampu mkononi, na nikaliacha.

Kona ya kwanza kushoto, aliikata kama kanga mpya.
Ya pili kushoto.
Ya tatu ilikwenda kulia.

Mimi kipande changu kilikuwa sauti:
matairi yakibishana na usukani,
kisha kimya,
kisha mihogo ikivunjika, miti mingi, mmoja mmoja.

Alitoka kwa miguu yake, na jani sikioni.
Shaweji alishuka hadi chini peke yake,
akakuta wachunga mbuzi wawili ndio watazamaji,
nao walikuwa wanatazama mbuzi.

Jumatatu gari lilivutwa hadi kibandani kwangu.
Mfaume akakaa juu ya pipa, hasemi.
Nikafungua tairi kipara, nikalifunga kushoto,
la kushoto nikalileta kulia,
nikapima upepo mara mbili, sawasawa pande zote.
"Sasa litakwenda wapi?" akauliza.
Nikamwambia, utakapolipeleka.
Akalitazama gari muda mrefu, kama mtu aliyerudishiwa mke,
na nyuma yake, ng'ambo ya barabara,
Dadi Mkanjima ameinua vidole viwili.