Hana Mwenyewe

Mwekezaji aliwaleta sita, kwa boti,
wamefungwa vitambaa machoni,
wageni wa hoteli wapate kupiga picha.
Hatukuwa na jina lao. Pembe kama matawi ya mkomamanga kiangazi,
mgongo umenyunyiziwa chokaa.
Watoto wakasema: paa wa harusi.

Mvua za vuli seng'enge ikaanguka.
Baada ya hapo hesabu ilinishinda.

Muyuni shamba ni jiwe; udongo tunauokota
matunduni, kiganja kwa kiganja.
Bigili hili alilipanga mama, mimi nikaongeza safu mbili.
Paa nunga akifika alisimama, akanusa, akarudi zake msituni.
Hawa wanaliruka kama wanaovuka kizingiti cha kwao.

Choroko, wamekula. Mbaazi, wamekula.
Muhogo wameuchuna gome, umebaki mweupe kama mfupa.

Nikamwuliza Maalim Vuai: nyama yake je?
Akafikiri. Anacheua, akasema, na kwato zimepasuka. Halali.
Ila ana mwenyewe.

Nikaenda hotelini na kikapu cha miti iliyotafunwa.
Kijana wa mapokezi akaitazama tai yake:
wakishatoka nje ya uzio si wetu, bibi.

Kwa hiyo nikimla, ana mwenyewe.
Akinila mimi, hana.

Paa nunga sijamwona tangu Mfunguo Sita.
Usiku nagonga debe.
Jana jike mmoja na mwanawe walisimama juu ya bigili,
upande ule wa mama,
masikio kwangu,
wanasubiri nichoke.