Daftari la Nyaguthii

Jina lake, kwa Kikuyu, ni la mtu asiyetulia nyumbani,
lakini kwa miaka kumi na tisa ya ndoa yetu
Nyaguthii hakuvuka Salgaa.
Mashine ya kufuma sweta ilimfunga Free Area
kama kamba ya mbuzi: unazunguka, unakula, unazunguka.

Kisha Machi moja akanunua daftari la kurasa tisini na sita,
akaandika juu, kwa penseli: KISUMU. SIKU TATU.
Nikacheka. Mimi ni msagaji unga;
najua gunia linavyoingia limejaa
na linavyotoka.

"Haba na haba," nikasema, kumtia moyo.
"Haba ina meno," akajibu. "Usipoifunga, inatafuna."
Akawa anaituma kwa dada yake huko Njoro,
dada wa roho ngumu,
asiyerudisha hata shilingi bila kuuliza: ya nini?

Kila kitu kina msimu, alisema.
Sweta ya bluu Januari ni mia tisa;
Agosti, hata kwa mia tano, mzazi anakuita mwizi.
Na vyumba ni vivyo hivyo. Desemba ni ya wenye haraka.
Sisi tutakwenda Februari, wiki ya pili,
wakati karo imeshawanyoosha watu wote
na vitanda vya Kisumu vinalala bila watu.

Nikamkumbusha Muchoki, binamu yangu wa Nyalenda:
malazi bure.
Akageuza ukurasa, akapiga hesabu mbele yangu.
Jogoo wa kubeba, mia nane.
Sukari, unga, kitambaa cha mkewe.
Mchango wa paa la kanisa lake, usiokwepeka.
Na jioni tatu za kusikiliza kesi ya shamba.
Akapiga mstari. Bure ya Muchoki
ilikizidi chumba cha kulipia kwa mia sita na hamsini.

"Treni," akasema. "Inapita hapa usiku, inafika kule asubuhi.
Basi lina mbio, lakini halina usiku wa kukupa.
Tukilala njiani, huo ni usiku tusioulipia."

Oktoba daftari likasimama. Jino la Kamande.
Aliandika "jino", akaandika bei, akafunga,
na kwa wiki tano sikusikia neno Kisumu.
Nilipata nafuu kidogo. Nafuu hiyo ikanitia aibu.
Nikaacha chai ya saa nne pale kinuni, sikumwambia mtu:
shilingi thelathini, siku hadi siku, ndani ya kopo la grisi.
Krismasi nikalimwaga mezani, noti zinanuka mashine.
Akahesabu mara mbili, akaandika: "chai ya Baba Kamande".
Hakusema asante. Aliichonga penseli
mpaka ikabaki kipande cha kidole.

Watoto tukawaacha kwa Nyakerario, mlango wa pili,
kwa malipo ya sweta mbili za rangi ya maziwa.

Niseme nini juu ya ziwa? Lilikuwa ziwa.
Magugu maji, kelele, jua la kuchoma utosi.
Yeye alikuwa anawinda bei:
samaki mmoja, sahani mbili,
ugali wa pili akaudai kama haki ya mgeni.

Siku ya tatu, Dunga, akaketi kwenye kiti cha mbao,
mikono juu ya magoti, haifumi kitu.
Mwenye kiti akaja: hamsini kwa saa.
Nikasubiri vita. Namjua mke wangu;
ameshawahi kugomea bei ya kaburi.
Akafungua kitambaa, akatoa mia.
"Iwe saa mbili," akasema,
na hakunitazama.

Tuliporudi nikalifungua daftari kwa siri.
Lina doa la mafuta ya samaki. Lina baki: mia na ishirini.
Kila kitu kimo, mpaka kiberiti,
ila ile mia ya kiti.
Nimehesabu tena jioni hii, kinu kimezimwa,
unga bado unaning'inia hewani.
Haimo.