Ngoja Ipoe

Ndahani, weka chini hiyo stilwaya.
Najua kwenu Mpwapwa mnasugua kwa mchanga
hadi sufuria ing'ae kama sarafu.
Hii si ya hivyo.
Hii ni chuma cha kusubu; nje imevaa wekundu,
ndani imevaa kauri, rangi ya maziwa yaliyolala,
na nguo ya namna hii haifuliwi kwa kucha.

Niliinunua mnadani Msalato,
Jumamosi, vumbi limetujaa kope,
kwa bwana mmoja aliyehamishwa, akiuza hata mapazia.
"Mama, uzito utakushinda," akasema.
Nikamwambia nimebeba ndoo miaka tisa
kutoka bomba la Ntyuka, mtoto mgongoni.
Punguza elfu tano.
Akapunguza tatu.

Sasa sikiliza. Maharage yameungua,
yameungua wewe ukichezea simu;
hilo tutaliongea siku nyingine.
Kwanza iache. Ngoja ipoe.
Itie kigae chini, isikalie saruji,
nenda hata uani ukahesabu kuku.
Ikifika uvuguvugu wa kiganja cha mtu
mimina maji, vuguvugu nayo, na magadi kijiko,
uirudishe kwenye makaa yanayokufa.
Yachemke taratibu, yaubembeleze ule weusi
uachie wenyewe.
Mwiko wa mti ndio wenye ruhusa ya kukwangua.
Halafu dodoki,
lile lililojiotea likapanda paa la choo.

Na huo ukungu mweupe ndani usidhani ni uchafu.
Ni maji ya mji huu. Chumvi.
Hapa tunakunywa mawe, mwanangu,
birika zetu zinaota magamba kama samaki.
Mzee Chidumizi wa Hombolo akinipa zabibu zilizochacha
nazigeuza siki:
kikombe kimoja, robo saa,
magamba yanaondoka
kama mgeni aliyesikia sahani zinakusanywa.

Wanasema mji huu ulipata jina kwa kuzama,
tembo, tope, idodomya.
Basi nawe zamisha, usipigane.
Kinachong'ang'ania hulowekwa.

Hapa ukingoni, alama kama ukucha wa kuku,
umepagusa ukanyamaza. Ahsante.
Si wewe. Ni mimi.
Usiku ule Foibe alipopiga kutoka Manyoni
kwamba baba yako hatashuka tena kwenye lori lake,
nilikuwa nakaanga vitunguu.
Simu ikakatika, vitunguu vikaendelea.
Sikujua nifanye nini na mikono.
Nikabeba ndoo nzima ya maji ya mtungini, nikamwaga,
ikalia tak,
ndogo, kama mfupa wa ndege,
kipande cha wekundu kikaruka hadi mlangoni.
Kesho yake nilikitafuta kwa magoti
katikati ya viatu vya waliokuja kunipa pole.
Wakadhani nasali.

Tangu hapo kila usiku, nikishaikausha
kwa kitambaa, siuachii upepo kazi hiyo,
napapaka tone la mafuta ya alizeti.
Kutu haina haraka, inangoja usahau.
Nilisahau mara moja, msimu wa kuvuna uwele;
asubuhi pakawa rangi ya chungwa,
nikakaa nayo mapajani nikaisugua kwa chumvi na ndimu
kama mtu anayemwosha mtoto aliyeanguka.

Haya. Ishike. Mikono miwili.
Kifuniko usikibane,
pachika kijiti cha mtama mdomoni ipumue.
Mafuta yapo dirishani,
kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.
Tone moja. Kwa kidole, si kwa kitambaa.
Taratibu.
Hapo hapo.

Maharage mengine nimeshaloweka.